Mizizi ya Kichina kwa uchovu wa saratani: nguvu inatoka kwenye huangqi au kwenye kitu kingine?

#1 Mgebuka Mkavu (Kigoma)
Wakuu, habari za jioni. Nauliza kwa wanaojua, si kwa wanaokisia.

Hapa mjini na kule Ujiji kuna pakiti za mizizi ya Kichina zinauzwa kwa wagonjwa wa saratani wanaorudi kutoka kwenye dripu za kemo Mwanza au Dar. Ahadi ni moja tu: uchovu utaisha. Kikaratasi cha ndani kimeandikwa hivi: huangqi 30, dangshen 15, baizhu 10, fuling 15, danggui 10, chenpi 6, zhigancao 6. Nadhani hizo namba ni gramu. Juu yake unapewa kikopo cha kapsuli 20 za kahawia, hazina jina wala tarehe.

Maswali: mchanganyiko huu una mantiki yoyote? Unachemshwaje? Na kwa nini watu wanasema siku ya tatu tu mgonjwa kaamka anafagia uwanja? Mzizi gani unafanya kazi kwa siku tatu?

Nawasilisha.

#2 Kibirizi Usiku (Kigoma)
Nimekaa mbele kabisa na kashata zangu. Hiyo ya kufagia uwanja imenimaliza.

#3 Chungu Cheusi (Tabora)
Mgebuka, hiyo dawa haikutungwa na mpiga ramli. Ni dawa mbili za zamani zimefungwa kamba moja. Dangshen, baizhu, fuling na zhigancao ni Sijunzi Tang, yaani supu ya mabwana wanne. Asili yake ni ginsengi, dangshen imewekwa kwa sababu ya bei. Huangqi na danggui ni Danggui Buxue Tang ya tabibu Li Dongyuan, aliyeiandika mwaka 1247. Chenpi ni ganda kavu la chenza, kazi yake kuzuia tumbo lisijae, maana dawa za kuongeza nguvu ni nzito.

Kasoro ninayoiona ni uwiano. Ya Li Dongyuan ni huangqi 5 kwa danggui 1. Hapo kwenu ni 30 kwa 10, yaani 3 kwa 1. Danggui ikizidi, choo kinalegea. Mgonjwa ambaye kemo tayari inamharisha, hiyo pakiti itamkimbiza msalani mpaka akose hata hiyo nguvu aliyonayo.

Kwa hesabu ya Wachina, uchovu huu ni upungufu wa qi, yaani nguvu ya uhai ya mwili, na qi inatengenezwa na wengu na tumbo kutokana na chakula. Ndiyo maana nusu ya dawa imelenga mmeng'enyo. Anayejua kazi hatoi kabla hajaona ulimi. Ulimi uliopauka, mnene, wenye alama za meno pembeni: sawa. Ulimi mwekundu wenye utando mzito wa njano: hapana, hapo unaongeza kuni kwenye moto.

#4 Kapu la Vipimo (Tabora)
#3 umeeleza vizuri, ila tuweke jambo moja sawa kabla mtu hajakimbilia kupima wengu. Wengu wa vitabu vyao si huu unaoonekana kwenye altrasaundi. Ni jina la kazi, si la nyama.

Mleta mada, uchovu wa saratani ni ule ambao mtu analala kwa muda wa saa kumi na anaamka amechoka vilevile. Sababu zake ni nyingi na zinapandana: upungufu wa damu, maumivu, usingizi mbovu, kutokula, sonona, tezi ya shingo iliyolegea, potasiamu iliyoshuka kwa kutapika na kuharisha, dawa za maumivu za jamii ya mofini, na saratani yenyewe kuamsha uvimbe wa ndani mwili mzima. Kila moja ina dawa yake. Hemoglobini ikiwa 7, hata umchemshie gunia zima la huangqi hatafagia uwanja. Anahitaji kuongezwa damu.

Kwa hiyo kabla ya pakiti: picha nzima ya damu, potasiamu, sukari, figo na ini. Tezi pia, hasa kama alipigwa mionzi shingoni. Picha nzima ya damu, sukari, figo na ini, anzieni hospitali ya mkoa, Maweni kwenu au Kitete kwetu. Kipimo cha tezi kikikosekana, sampuli inasafirishwa.

#5 Dirisha la Dawa (Kigoma)
Nijibu hiyo ya siku ya tatu, maana wengi wanazunguka mbuyu.

Mizizi haina kasi hiyo. Kinachoweza kumwamsha mtu ndani ya saa 48 ni steroidi. Deksamethasoni na prednisoloni ni vidonge vya bei ndogo, vinasagwa na kuingizwa kwenye kapsuli zisizo na jina kama hizo ulizotaja. Dalili zake: nguvu za ghafla, njaa ya kula mpaka ukoko, usingizi kukata, uso kuanza kuwa wa mviringo baada ya wiki kadhaa, sukari kupanda. Kikopo kikiisha, mtu anaanguka vibaya kuliko alivyokuwa mwanzo, kwa sababu tezi zilizo juu ya figo zimezoea kubebwa na zimelala.

Kama mgonjwa amezimeza kwa wiki tatu au zaidi, asikate ghafla. Aende na kikopo hospitali, aseme wazi, apunguziwe kidogo kidogo. Kukata ghafla kunaweza kumwangusha presha mpaka azimie.

#6 Mshale wa Unyanyembe (Tabora)
Dirisha, steroidi inawezekana, lakini kuna maelezo mepesi zaidi ambayo hayahitaji mwizi.

Angalia kalenda ya kemo. Kwenye dawa nyingi za kila wiki tatu, uchovu unapanda siku chache za kwanza, halafu unashuka wenyewe kabla ya dripu inayofuata. Na hospitali yenyewe inatoa deksamethasoni siku ya dripu na siku mbili tatu baadaye ili kuzuia kutapika na mzio. Hiyo ikiisha, siku ya nne au ya tano mgonjwa anazama. Sasa piga hesabu: dripu Mwanza, basi mpaka Kigoma, anafika nyumbani amezama kabisa. Jirani analeta pakiti. Siku tatu baadaye ni siku ya nane hivi, na angeinuka hata kama angekunywa maji ya mchele.

Pakiti inapokea sifa ya kalenda.

#7 Chungu Cheusi
#6 hoja ni nzuri ila haijafuta kila kitu. Kuna waliomaliza kemo miezi sita iliyopita, hawana kalenda yoyote, na bado wanasema wamepata nafuu. Hao utawaeleza kwa maji ya mchele?

Halafu kuna jambo ambalo hamlitaji. Huangqi na danggui kwa desturi yao huchemshwa pia pamoja na kuku. Mgonjwa aliyekuwa anaishi kwa uji wa sembe anaanza kunywa supu ya kuku kila siku, protini, chumvi na maji vinaingia. Ukimuuliza atasema ni mizizi.

#8 Kibirizi Usiku
Kwa hiyo mpaka sasa washukiwa ni wanne: mzizi, steroidi, kalenda na kuku. Namtetea kuku.

#9 Mgebuka Mkavu
Ahsanteni. Chungu, hebu shuka kwenye kuchemsha. Wengi hapa wanatia kwenye sufuria ya alumini, wanachemsha mpaka inakuwa kama lami, wanakunywa siku tatu.

#10 Chungu Cheusi
Hapo makosa matatu kwenye sentensi moja.

Chombo: chungu cha udongo, sufuria isiyoshika kutu (chuma cha pua) au ya enameli isiyobanduka. Alumini na chuma cheusi hapana, asidi na tanini za mizizi zinaila na dawa inabadilika rangi. Chungu kisiwe kile cha kupikia dagaa. Udongo unanyonya harufu na mafuta, utamnywesha mgonjwa wa kichefuchefu dawa yenye shombo.

Kuloweka: suuza haraka vumbi litoke, mimina maji baridi yapite juu ya mizizi kwa vidole viwili, acha nusu saa. Ukianza na maji ya moto, nje ya kipande panaiva na kujifunga, ndani hapatoi kitu.

Mchemsho wa kwanza: moto mkali mpaka ichemke, kisha toa mkaa ubaki kidogo, funika, dakika 40 hadi 50. Pakiti ya uzito huo inaanza na maji kama mililita 800 na unataka ibaki 200 hadi 250. Chuja. Mchemsho wa pili: maji mapya mililita 500, dakika 30, ibaki 150 hadi 200. Changanya yote mawili, gawa nusu kwa nusu, asubuhi na alasiri, ikiwa vuguvugu. Kwa nini kuchanganya? Wa kwanza ni mkali na wa pili ni mwepesi. Ukinywa tofauti, asubuhi umezidisha na jioni umepunja.

Ikiungua, mwaga. Usiongeze maji kuokoa.

Kuhifadhi: kwa joto la Kigoma ni siku hiyohiyo. Kwenye jokofu siku mbili. Mchemsho wa dangshen una sukari nyingi, unachacha kama togwa, na mgonjwa mwenye chembechembe nyeupe chache hana askari wa kupambana na kilichoota humo.

Na mkiona neno fuzi kwenye karatasi yoyote, rudisheni dukani. Huo ni mzizi wenye sumu ya moyo. Wenyewe huuchemsha peke yake kwanza, nusu saa hadi saa nzima au zaidi, na bado watu hudhurika. Ganzi ya midomo na ulimi ndiyo dalili ya kwanza.

#11 Bibi Mawese (Kigoma)
Wanangu, mmechemsha kabla ya kuutazama mzizi wenyewe.

Huangqi halisi hukatwa vipande vya mshazari, nje hudhurungi nyepesi, pembeni nyeupe, katikati njano, na mistari inatoka katikati kama miali. Tafuna kipande: ni kitamu kidogo, halafu inabaki harufu ya maharage mabichi, na nyuzi kinywani. Kisicho na harufu ya maharage kitilie shaka. Danggui ina mafuta na harufu kali inayokaa mkononi hata ukinawa. Ikiwa haina harufu, imeshakamuliwa au ni ya zamani mno. Fuling ni uyoga, siyo mzizi, vipande vyeupe kama chaki, ukiuma vinanata kwenye meno.

Weupe uliopitiliza usiupende. Dangshen na baizhu zilizofukizwa kiberiti zinakuwa nyeupe za kupendeza na zinakaa bila wadudu, lakini fungua mfuko unuse: inachoma pua, na ukilamba ni chachu. Hiyo kwa mgonjwa mwenye pumu ni balaa.

#12 Kibirizi Usiku
Shikamoo Bibi. Hapo nimejifunza kuliko kwenye kurasa zote za mtandao.

#13 Asali ya Sikonge (Tabora)
Hakuna aliyegusa "zhi" kwenye zhigancao. Hiyo "zhi" maana yake imekaangwa na asali. Huangqi nayo kwa kazi ya uchovu hutumika iliyokaangwa na asali, zhihuangqi. Mbichi ni ya jasho na vidonda zaidi. Kikaratasi cha mleta mada kimeandika "huangqi" tu, inawezekana wamewapa mbichi.

Kipimo cha kitabu chao cha dawa ni asali kilo 25 kwa mizizi kilo 100. Nyumbani ni gramu 25 kwa gramu 100. Asali ichemshwe kwanza moto mdogo mpaka povu liishe, toa povu, punguza ukali kwa maji kidogo ya moto. Mwagia kwenye vipande, changanya kwa mkono, funika mpaka asali iingie yote. Kikaango kikavu, moto mdogo, koroga bila kuacha mpaka rangi iwe njano iliyokolea na vipande visinate vidoleni. Hapo ndipo wengi wanaharibu: wakiona bado vinanata wanaongeza moto, asali inaungua, dawa inakuwa chungu. Ikibaki inanata, ukiweka kwenye mfuko itaota ukungu wiki hiyohiyo.

Na asali iwe ya kwetu ya miombo, nyeusi. Si ile sukari guru mnayouziana stesheni.

#14 Kibirizi Usiku
Nilijua tu. Mtu wa Tabora hata ukimuuliza njia ya kwenda hospitali atakupitisha kwenye mzinga.

#15 Asali ya Sikonge
Na mtu wa Kigoma atakupitisha kwenye mawese. Tuko sare.

#16 Kapu la Vipimo
Asali sawa, ila mbichi asipewe mgonjwa siku chembechembe nyeupe zikiwa chini, mara nyingi siku ya 7 hadi 14 baada ya dripu. Siku hizo joto likifika 38 ni hospitali usiku huohuo. Si kesho, na si baada ya kumaliza pakiti. Kuna watu wanasema joto hilo ni "dawa inapambana". Linaua.

#17 Dirisha la Dawa
Narudi kwenye zhigancao maana hapa kuna mtego ambao hata wauzaji wazuri hawaujui. Kiambato chake kikuu, glisirizini, kinafanya figo zishike chumvi na kumwaga potasiamu. Presha inapanda, miguu inavimba, na potasiamu ikishuka chini ya 3.5 misuli inalegea. Yaani dawa ya uchovu inaleta uchovu, na familia inaona mgonjwa amelegea zaidi inaongeza dozi.

Hesabu: zhigancao yenye ubora unaokubalika kwao ina glisirizini isiyopungua asilimia 1. Gramu 6 ni miligramu 60 kwenda juu. Ulaya wanashauri usipite miligramu 100 kwa siku. Kwa hiyo pakiti moja inaweza isivuke, lakini mtu anayechemsha mbili kwa siku ili apone haraka amevuka. Akiwa anatumia furosemidi ya kukojolesha, au anaharisha, ameshafika mbali. Wenye presha na moyo waitoe kabisa, mchanganyiko hautakufa kwa kukosa gramu 6.

#18 Chungu Cheusi
Nakubali kuitoa kwa wenye presha. Sikubali kwamba haina kazi, ndiyo inayozifunga nyingine zisigombane. Lakini sawa.

#19 Mzee wa Behewa (Tabora)
Vijana, mnajadili pakiti ambayo hakuna aliyeipima. Kilichopimwa vizuri zaidi ni ginsengi ya Kimarekani, xiyangshen. Mwaka 2013 yalitoka majibu ya jaribio la wagonjwa 364 kule Marekani: unga wa mzizi miligramu 2,000 kwa siku, asubuhi na mchana, kwa wiki 8, nusu yao wakipewa kapsuli tupu. Wiki ya 4 tofauti haikuwa ya kujisifia. Wiki ya 8 waliotumia mzizi walikuwa na uchovu pungufu, hasa waliokuwa bado kwenye matibabu. Ona, wiki nane! Si siku tatu.

Lazima iwe unga wa mzizi wenyewe, si maji yaliyokamuliwa kwa pombe. Na usinywe jioni, utahesabu mabati mpaka alfajiri.

#20 Kapu la Vipimo
Mzee, heshima yako, malizia na upande wa pili. Ginsengi ya Asia nayo ilijaribiwa Marekani, miligramu 400 mara mbili kwa siku, siku 28, na majibu yakatoka 2017. Walioitumia walipata nafuu. Waliopewa kapsuli tupu nao wakapata nafuu ileile. Kwa hiyo kwenye orodha ya Kibirizi ongeza mshukiwa wa tano: kutunzwa, kuulizwa kila wiki umelalaje, na kutumaini.

#21 Mzee wa Behewa
Ni kweli. Ila ni mmea tofauti, dozi tofauti, siku 28 badala ya 56. Huwezi kumhukumu ng'ombe kwa maziwa ya mbuzi.

#22 Mshale wa Unyanyembe
Na wote wawili mnapita pembeni ya kilichoshinda. Uchambuzi wa 2017 uliounganisha majaribio 113 yenye watu 11,525 ulikuta mazoezi na ushauri wa kisaikolojia vinashinda dawa za hospitali za kuamsha mwili. Mwongozo wa wataalamu wa saratani wa Marekani wa 2024 umeweka mbele mazoezi, ushauri, na yale mazoezi ya polepole ya Kichina, taichi na qigong. Ginsengi ya Kimarekani imo, kwa maneno ya "inaweza kupendekezwa", kwa walio kwenye matibabu.

Kwa vitendo: kutembea dakika 10 mara mbili kwa siku wiki ya kwanza, kasi ambayo unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Ongeza dakika 5 kila wiki mpaka ufike nusu saa siku tano kwa wiki. Asubuhi kabla ya jua. Kuinuka kwenye kiti bila kushika, mara 8, pumzika, tena 8. Siku ya kuzama usilale kutwa, tembea hata mpaka kwenye geti. Wasiopaswa kufanya hayo: wenye homa, hemoglobini chini ya 8 wanaohema, chembe sahani (za kugandisha damu) zilizoshuka sana, na ambao saratani imefika kwenye mifupa mpaka daktari aseme.

#23 Kibirizi Usiku
Mshukiwa wa sita: geti.

Swali la haraka. Kuna mtu ameniambia ukitenganisha mizizi na dawa za hospitali kwa saa mbili hakuna kugongana. Ni kweli?

#24 Dirisha la Dawa
Nusu ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayoua. Saa mbili zinasaidia dawa zisishikane tumboni. Haziwezi kuzuia mgongano wa kwenye ini, ambao unakaa siku nyingi. Wuweizi, tunda kavu la dawa za Kichina, kwa mfano, inazuia kimeng'enya kinachovunja dawa nyingi, kiwango kinapanda kwenye damu hata ukitenganisha asubuhi na usiku.

Ya kushika: danggui na ginsengi zote zinagusa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda: ya kwanza inaongeza kutoka damu, ya pili inaweza kuipunguza nguvu. Danggui waiepuke wenye saratani ya matiti inayolishwa na homoni, hasa walio kwenye tamoksifeni, dawa ya kuizuia homoni hiyo. Ushahidi mwingi ni wa maabara, lakini hakuna sababu ya kucheza kamari. Huangqi inaamsha kinga, kwa hiyo si ya waliopandikizwa kiungo. Ginsengi pamoja na imatinibu, dawa ya saratani, kuna taarifa ya ini kuumia. Kabla ya upasuaji, acha mizizi yote wiki mbili.

Na mwambieni daktari. Wengi wanaficha wakiogopa kufokewa, halafu vipimo vya ini vinapanda na daktari anapunguza kemo akidhani kosa ni la kemo.

#25 Chungu Cheusi
Kufokewa kweli kupo, Dirisha. Mkiacha kufoka, wataacha kuficha.

#26 Dirisha la Dawa
Hilo limefika.

#27 Mzee wa Behewa
Kwa wanaosema "ni mizizi tu haina madhara". Ubelgiji, miaka ya mwanzo ya 90, kliniki za kupunguza unene zilitoa mzizi wa fangji. Majina yanafanana, wakaletewa guangfangji, jamii ya aristolokia. Wanawake wengi figo zikafa, na baadaye baadhi yao wakapata saratani ya njia ya mkojo. Marekani nako kulikuwa na PC-SPES, kapsuli za mimea minane kwa saratani ya tezi dume. Zilishusha kipimo cha damu cha saratani hiyo kweli. Zilipopimwa zikakutwa na warfarini na homoni ya kike ya maabara, zikaondolewa sokoni 2002.

Sisemi Wachina ni matapeli. Ushirikiano wao na Muhimbili wa kutumia dawa zao za asili kwa wagonjwa wa UKIMWI ulianza 1987, watu wazima wenzangu wanaukumbuka. Nasema jina kwenye karatasi siyo kilichomo kwenye pakiti.

#28 Bibi Mawese
Na huku nyumbani kuna wanaosema mawese yanaongeza damu kwa sababu ni mekundu. Wekundu ule ni wa karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Damu inataka madini ya chuma, yamo kwenye dagaa, maini na maharage. Mawese pikia hizo dagaa. Ukijaza mafuta kwenye tumbo la kichefuchefu, yatarudi.

#29 Kibirizi Usiku
Bibi ametoboa mtumbwi wa Kigoma nzima.

#30 Asali ya Sikonge
Sasa tusherehekee.

#31 Kapu la Vipimo
Turudi. Tanzania kuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002, na Baraza lake linasajili matabibu, vituo na dawa. Muuzaji aulizwe namba ya usajili ya kituo na ya dawa. Akikuonyesha leseni ya biashara tu, hiyo ni ya kuuza hata ndala. Kapsuli zisizo na jina zipelekwe ofisi ya kanda ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, au kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.

#32 Mgebuka Mkavu
Nimerudi. Nimepima pakiti kwenye mizani ya jikoni. Jumla inatakiwa iwe gramu 92, imetoka 71. Huangqi ina harufu ya maharage, Bibi. Danggui haina harufu yoyote. Kapsuli nimefungua mbili: moja ina unga wa kahawia unaonuka majani, nyingine unga ni mweupe, mchungu.

#33 Dirisha la Dawa
Kikopo kimoja, unga wa aina mbili? Hizo kapsuli zisiingie kinywani mwa mtu. Na waliokwisha kuzimeza, rejea #5.

#34 Kibirizi Usiku
Dondoshea iodini kwenye ule mweupe. Ukigeuka buluu iliyokolea ni wanga.

#35 Kapu la Vipimo
Ukigeuka utajua una wanga. Hutajua kama wanga uko peke yake. Hata kidonge halali cha prednisoloni kimejazwa wanga.

#36 Mshale wa Unyanyembe
Mgebuka, bado nina hamu na kalenda yangu. Hao waliofagia uwanja siku ya tatu, walikunywa mizizi peke yake au na kapsuli? Na ilikuwa siku ya ngapi tangu dripu?

#37 Mgebuka Mkavu
Wote na kapsuli, kwa ninavyosikia. Siku za dripu hakuna aliyeandika.

#38 Chungu Cheusi
Basi mizizi bado haijapata kesi ya haki. Hizo gramu 21 zilizopungua ni zipi? Pima kimoja kimoja, anza na danggui.

#39 Mgebuka Mkavu
Umeme umekatika. Kesho asubuhi.